Picha niliyochora mimi iko ukutani kwa tajiri, na sahihi ni ya marehemu

Mwalimu, salamu.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na simu nimeizima. Tafadhali usitaje jina langu wala karakana ninayofanya kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kawangware. Kuchora nilifunzwa na mjomba wangu aliyekuwa akiandika mabango ya maduka na vinyozi. Baadaye niliingia gereji moja tukichora matatu, na kazi ya matatu ilipopungua nikapata kibarua kwa fundi wa fremu upande wa Ngong Road: kukata mbao, kupiga gundi, kusafisha vioo. Siku moja mteja alileta picha ya zamani ya mchoraji wa hapa Nairobi ambaye sasa ni marehemu. Kona yake ilikuwa imeliwa na unyevu. Fundi hakuwepo, nikachanganya rangi mwenyewe nikaijaza ile kona. Mteja aliporudi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nimesomea wapi.

Huyo ndiye broka ninayekuandikia habari zake. Watu humwita Daktari, sijui ni daktari wa nini. Aliniambia kuna hoteli za pwani zinataka nakala za picha za yule marehemu kwa vyumba vya wageni. Shilingi 8,000 kila moja. Wakati huo mtoto wangu mkubwa alikuwa amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Tatu za kwanza nilizichora nikiamini ni za hoteli, Mungu shahidi yangu.

Ya nne akaniambia niweke na sahihi ya marehemu, "ili nakala ikamilike". Nikaweka. Ya tano aliniletea hadibodi kuukuu iliyotolewa kwenye mlango wa kabati, akasema nichore juu yake. Ya sita akanionyesha namna ya kupaka chai ya rangi upande wa nyuma na kuitundika juu ya jiko la makaa. Hapo nilijua, Mwalimu. Wewe siwezi kukudanganya. Nilijua, na malipo yalikuwa yamefika 25,000, na nikaendelea. Sasa zimefika kumi na moja. Nyuma ya mojawapo niliandika kwa wino, yeye akisoma nami nikiiga mwandiko wa marehemu: "Kwa rafiki yangu, Krismasi 1987." Kuna barua mbili na risiti tatu pia, zote ni za mkono wangu.

Mwezi uliopita fundi aliitwa Muthaiga kubadilisha vioo vya picha, akanichukua nimbebee vifaa. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, mtu mpole, alitukaribisha chai sebuleni kama wageni. Nilipoinua macho niliiona. Mwanamke anayepalilia mahindi, mtoto mgongoni. Niliijua kabla sijaisogelea, kwa sababu brashi niliyotumia ilikuwa ya bei ya chini na ilikuwa ikinyonyoka, na unywele mmoja ulibaki umeganda kwenye rangi karibu na sikio la yule mwanamke. Ulikuwa palepale. Mzee alinikuta nimesimama mbele yake akadhani nimependezwa. Akaniambia kila asubuhi hunywa chai akiitazama kwa sababu mama yake alipalilia hivyo, akiwa amembeba yeye. Aliinunua kwa milioni moja na laki nne. Ana nyingine mbili kutoka kwa broka huyohuyo, na ameandika katika wosia wake kwamba zote tatu ziende chuo kikuu ili vijana wajifunze.

Nilirudi kwa miguu hadi Westlands, nauli ninayo mkononi.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Wiki mbili baadaye mwanamke mmoja alikuja karakana na picha imefungwa kwenye leso. Ni binti wa yule marehemu. Alitaka kuiuza kwa sababu mumewe ni mgonjwa na hospitali inadai pesa. Ilikuwa picha ya kweli, Mwalimu. Mimi nimekaa na kazi za mtu huyo miaka mitatu, nikiona mstari mmoja wa brashi yake naujua. Broka alikuwepo. Aliigeuza, akatazama nyuma, akamwambia, "Mama, hii haina karatasi. Siku hizi kuna feki nyingi, siwezi kuigusa." Yule dada akaifunga tena kwenye leso akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshika msumeno, sikusema kitu.

Sasa broka anataka nyingine nne kabla ya mwezi kuisha, kuna mnunuzi anatoka nje ya nchi. Nilipokataa alicheka, akasema pesa zote zimeingia kwangu kwa M-Pesa na nikifungua mdomo nitafungwa mimi, kwa sababu yeye hajawahi kushika brashi. Rafiki yangu ninayemwamini anasema ninyamaze tu: wale ni matajiri, milioni kwao ni kama nauli, na mzee wa watu anafurahia picha yake. Kwa nini nimvunje moyo? Wakati mwingine naona ana haki. Wakati mwingine nafikiria niende Muthaiga nimpigie mzee magoti.

Nifanye nini?

Mama wa Kawangware

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwa yule binti na leso yake. Nitafika hapo. Kwanza kuna jambo lisiloweza kungoja: zile picha nne usizichore. Usichore hata moja, hata kwa nia ya kumpoza ili upate muda. Ulizochora tatu ulidanganywa, na nane zilizofuata ulikuwa na njaa na woga, na njiani ukajua. Hayo yote ni ya nyuma na yanaweza kuelezwa. Picha utakayoianza leo, baada ya kuniandikia barua hii, itakuwa na maelezo ya namna nyingine kabisa. Mwambie broka mkono unauma, au watoto ni wagonjwa, au usimwambie lolote. Usigombane naye, na usikutane naye mkiwa wawili.

Anachokutisha nacho ni kweli nusu, na nusu hiyo lazima uijue. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 313, inamwadhibu anayejipatia mali kwa kumdanganya mwenzake, kifungo hadi miaka 3. Aliyemwambia mzee kwamba picha ni ya marehemu ni broka. Aliyepokea milioni moja na laki nne ni broka. Kutoshika brashi hakumwokoi. Uwongo ndio kosa lenyewe, na uwongo aliusema yeye. Kwako wewe, uzito uko mahali ambapo nadhani hukupatazama vizuri. Unahesabu picha kumi na moja. Mimi nahesabu barua mbili na risiti tatu. Kifungu cha 345 kinasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na adhabu yake nayo hufika miaka 3. Kuiga namna mtu anavyochora, wanafunzi wote wa sanaa hufanya. Mimi nimewafundisha vijana kuchora kwa kuiga kwa miaka mingi. Lakini sahihi ya marehemu, maneno ya Krismasi 1987 na zile risiti hazikuandikwa kwa ajili ya kujifunza.

Mimi ni mwalimu wa kuchora, si wakili, kwa hiyo hapa nakukabidhi kwa wenye kazi yao. Mtafute wakili wiki hii, kabla hujamwona mzee, kabla hujaenda polisi. Utakayomwambia wakili ni siri yako kisheria. Kama huna pesa, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza tangu 1973, na serikali nayo ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyowekwa na sheria ya 2016. Usiingie kituo cha polisi peke yako na machozi ukaanza kueleza kila kitu. Sheria ya ushahidi inataka mtu anayekiri kosa awe na mtu wake aliyemchagua mwenyewe, na kuna sababu ya sheria hiyo kuwepo.

Kwa wakili nenda na vitu. Taarifa ya M-Pesa ya miaka yote mitatu: broka anadhani inakufunga wewe, lakini inaonyesha pia pesa zilitoka kwa nani, na kwamba ulilipwa 25,000 kwa kitu kilichouzwa milioni moja na laki nne. Usifute ujumbe wowote wa simu, hata ule unaokuaibisha. Andika orodha ya picha zote kumi na moja, mwezi, ukubwa, kilichochorwa, ulichora juu ya nini, na alama ambayo wewe peke yako unaijua. Ule unywele wa brashi karibu na sikio la mwanamke, uandike. Hakuna mtu mwingine Nairobi anayeweza kusema uko pale bila kuuona.

Sasa nikusimulie habari ya mtu mmoja, kwa sababu nadhani unajiona wa kwanza. Uingereza kulikuwa na mwalimu wa sanaa aitwaye John Myatt. Mke wake alimwacha na watoto wawili wadogo, mshahara haukutosha, na katika miaka ya 1980 akaweka tangazo gazetini kwamba anachora nakala za picha maarufu, kuanzia pauni 150. Alizitangaza kama nakala. Akaja mteja mmoja mstaarabu, John Drewe, aliyejiita profesa. Alinunua nakala moja, akanunua nyingine, na siku moja akampigia simu kumwambia kwamba picha yake moja imethaminiwa pauni 25,000 kama ya kweli. Je, Myatt angependa nusu ya fedha hizo? Myatt alisema ndiyo. Wewe unaelewa kuliko mimi kwa nini alisema ndiyo.

Alichora takriban 200. Tena alitumia rangi ya kawaida ya kupaka nyumba, akiichanganya na jeli ya kulainisha ya dukani ili itiririke, rangi ambayo wachoraji waliokuwa wakiigwa hawakuitumia. Fundi yeyote angegundua kwa kuipima. Hazikupimwa kwa sababu Drewe alikuwa na karatasi. Aliingia kwenye maktaba za kumbukumbu za makumbusho makubwa ya London, Tate na Victoria and Albert, akajionyesha kama mtafiti, na humo ndani akapachika katalogi na barua alizotengeneza mwenyewe. Mnunuzi akienda kuhakikisha, anaikuta picha yake imeandikwa kwenye faili. Polisi walipofika kwa Myatt mwaka 1995, aliwaeleza yote, akarudisha pauni 18,000 alizokuwa nazo, akakubali kutoa ushahidi. Mwaka 1999 alihukumiwa mwaka mmoja, akakaa ndani miezi minne. Drewe alipewa miaka 6. Na nyingi ya zile picha hazijapatikana mpaka leo. Ziko kwenye kuta za watu, na zile karatasi zilitiwa mahali ambapo watafiti huenda kutafuta ukweli.

Sikusimulii hivi kukuahidi miezi minne. Mahakama ya London si ya Milimani. Nakusimulia uone nani alisimama wapi: mchoraji aliyesema mapema, na mwenye karatasi aliyeng'ang'ania.

Rafiki yako anasema matajiri hawaumii. Namwelewa. Ukiwa na mtoto aliyefukuzwa shule, ni vigumu kumlilia mtu mwenye sebule ya Muthaiga. Lakini hebu fikiria mzee alinunua nini. Mahindi na mwanamke na mtoto mgongoni, angeweza kuyapata kwa kukuagiza wewe, kwa bei ya kawaida, na yangekuwa mazuri vilevile. Alilipa milioni ili aamini kwamba mtu fulani, aliyeishi mji huu, aliyeona aliyoyaona, ndiye aliyesimama mbele ya ubao ule. Kila asubuhi anaongea na mtu ambaye hayupo. Furaha yake ni ya kweli, nakubali, na ndiyo maana inauma.

Tena haidumu. New York kulikuwa na nyumba ya picha iitwayo Knoedler, iliyofunguliwa mwaka 1846. Ilifungwa mwaka 2011 kwa aibu. Kwa miaka mingi ilikuwa imepokea picha kutoka kwa mwanamke mmoja, Glafira Rosales, aliyedai zimetoka kwa mkusanyaji tajiri asiyetaka kutajwa. Zote zilichorwa na mhamiaji kutoka China, Pei-Shen Qian, nyumbani kwake mtaani Queens. Picha zile ziliingiza takriban dola milioni 80. Qian alikuwa akilipwa elfu chache tu. Mnunuzi mmoja alitoa dola milioni 17 kwa picha iliyodaiwa kuwa ya Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani, na ilipopimwa ikakutwa na rangi ya manjano ambayo haikuwepo madukani Pollock alipokufa mwaka 1956. Nyingine ilikuwa na sahihi ya Pollock ambayo jina lenyewe limekosewa herufi. Watu wenye elimu waliitazama sahihi ile na hawakuiona, kwa sababu walikwisha kuamini. Ujerumani pia, Wolfgang Beltracchi alihukumiwa miaka 6 mwaka 2011, naye alifichuliwa na rangi nyeupe ya titani ndani ya picha iliyodaiwa kuwa ya 1914, wakati rangi hiyo ilikuwa haijaanza kuuzwa.

Chai ya rangi na moshi wa makaa hudanganya jicho, havidanganyi maabara. Siku chuo kikuu kitakapopokea zile tatu na mtu akazichunguza, zitaanguka. Mzee huenda atakuwa amekufa wakati huo, na jina lake litabaki la mtu aliyewapa vijana uongo. Au hazitachunguzwa, na hilo naliogopa zaidi. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wetu, alikusanya kazi za sanaa maisha yake yote, na leo mtoto wa shule anaweza kuingia Nairobi Gallery au Nyaraka za Kitaifa akaziona. Mzee wako anataka kufanya jambo la namna hiyo. Mwanafunzi atakaa mbele ya picha yako na daftari, aandike "hivi ndivyo marehemu alivyotia kivuli", na kivuli ni chako.

Sasa nimefika kwa binti.

Baba yake na rika lake, wengi waliuza kazi zao mkononi. Mtu alikuja, akaipenda, akalipa, akaibeba. Nani alikuwa akiandika risiti? Nyumba za picha zilizowauzia, baadhi hazipo tena. Gallery Watatu, iliyotambulisha wengi wao, imefungwa siku nyingi. Kwa hiyo picha ya kweli ya wakati ule mara nyingi imekaa uchi, haina hata kipande cha karatasi. Ina vumbi, ina hadithi ya mama aliyeitundika jikoni, basi. Yako ina barua mbili, risiti na salamu za Krismasi. Uongo umevaa suti, na ukweli umefungwa kwenye leso, na broka aliposimama kati yao alichagua suti. Alimwambia yule dada "siku hizi kuna feki nyingi" akijua zimetoka wapi. Hilo, mwanangu, ndilo lililofanywa kwa mkono wako, na tajiri hayumo kabisa. Aliyelipa kwa picha zako kumi na moja ni mgonjwa aliyelala hospitalini ambaye mkewe alirudi na picha yake.

Jirani zetu waliyaona haya. Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam alianza kuchora mwaka 1968, juu ya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa makosa. Miaka minne tu. Jina lake lilipopata bei, zilitokea picha zenye sahihi yake ambazo mkono wake haukuzigusa, na leo anayeshika picha yake ya kweli naye hutazamwa kwa shaka.

Yule dada ana haki ambazo huenda hazijui. Hakimiliki ya baba yake huendelea miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, na ni ya warithi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliwapa wachoraji na warithi wao asilimia 5 kazi inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa. Bodi ya hakimiliki, KECOBO, ipo hapahapa Nairobi. Na wewe una kitu ambacho hakuna ofisi inayo: miaka mitatu ya kuutazama mkono wa baba yake kwa karibu kuliko mtu yeyote aliye hai. Unajua alivyoanza anga, alivyomaliza vidole, alichokiacha bila kupaka. Ukisema hii ni yake na hii ni yangu, na ukieleza kwa nini, umempa karatasi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Ushahidi wako unaweza kuirudishia thamani ile picha ya kwenye leso.

Kwa hiyo kuhusu mzee: ndiyo, ataambiwa. Lakini usiende kumpigia magoti. Ukienda peke yako utamwachia maumivu mikononi bila njia ya kuyashughulikia, naye atampigia broka simu kabla hujafika getini, na broka atakuwa na siku nzima ya kuchoma vitu. Wakili amwandikie, au wakili akae nanyi. Mzee akijua mapema anaweza kudai pesa zake kwa aliyemuuzia, maana sheria ya mauzo inataka kitu kilingane na kilivyoelezwa. Anaweza kubadilisha wosia. Anaweza pia kukukasirikia sana, na utakaa usikilize.

Pesa ulizopokea, usikimbilie kukopa uzirudishe. Jua tu jumla yake, umwambie wakili uko tayari kurudisha kwa awamu, afadhali kwa njia itakayomfikia yule binti. Watoto wapeleke kwa mjomba wako au kwa ndugu kwa majuma machache mambo haya yakianza, na mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini mahali ulipo kila jioni. Broka mwenye mnunuzi wa kigeni njiani na picha nne pungufu si mtu wa kupuuzwa.

Umeniuliza nini cha kufanya, hukuniuliza kuhusu kuchora, na nadhani ni kwa sababu unaona aibu kuliuliza. Myatt alipotoka jela hakutaka kushika brashi tena. Mmoja wa polisi waliomkamata ndiye aliyemwomba achore picha ya familia yake, na kutokea hapo akaendelea, safari hii akiandika wazi nyuma ya kila nakala kwamba ni bandia. Anaishi kwa kazi hiyo. Wewe huhitaji hata nakala. Mtu aliyejifunza kwenye mabango ya vinyozi na milango ya matatu, akaweza kuingia ndani ya mkono wa msanii mwingine kiasi cha kumdanganya mji mzima, ana mkono wake mwenyewe mahali fulani humo ndani. Mambo haya yakitulia, nenda kwenye kituo cha wachoraji, kama kile cha Banana Hill, ukae nao, utazame wanavyofanya kazi wakiweka majina yao. Usiende kabla. Ukienda sasa na siri hii utawatumbukiza nao.

Kesho asubuhi anza na orodha ya zile kumi na moja. Anza na ya mwanamke anayepalilia, kwa kuwa unajua iko ukutani kwa nani. Nakala moja ya orodha mpe wakili, nyingine iweke nyumba isiyo yako. Ukishaonana na wakili niandikie tena, mistari miwili inatosha. Nataka kujua kama yule dada alikubali kuifungua leso mbele yako.

Mwalimu